Kuchagua shokomzoba za gari jepesi la kupanda miamba

Suzuki Samurai iliyouzwa Marekani kati ya 1985 na 1995 ina uzito unaokaribia kilo 950, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2 na sentimita chache tu. Kwa udogo huo inapenya kati ya majabali ambamo Land Cruiser ingekwama, na ndiyo maana hadi leo inapendwa na watu wanaopanda miamba kwa magari, iwe ni kwenye njia ya Rubicon katika safu ya Sierra Nevada huko California au kwenye miamba ya Moab, Utah. Afrika Mashariki nako, ardhi ya namna hiyo ndiyo wanayokabiliana nayo washiriki wa Rhino Charge ya Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kwa ajili ya kuchangia uzio wa hifadhi ya milima ya Aberdare. Mshindi ni yule anayefika vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake, na hilo humlazimu kukata moja kwa moja katika makorongo na mawe badala ya kuyazunguka.

Mwenye gari jepesi anapotaka kununua shokomzoba, au shokapu kama mafundi wengi wanavyoziita, anaingia katika soko lililotengenezwa kwa ajili ya magari yenye uzito mara mbili ya gari lake. Bidhaa nyingi zinazosifiwa zilipimwa kwenye Jeep Wrangler, pikapu kubwa au Land Cruiser, na ushauri mwingi unaotolewa ni wa wenye magari hayo. Matokeo yake ni kwamba mtu hutumia fedha nyingi kununua shokomzoba bora kabisa, azifunge, kisha agundue kwamba gari limekuwa gumu, linadunda juu ya kila jiwe, na tairi zinapoteza mshiko pale hasa zinapotakiwa kung'ang'ania. Shokomzoba yenyewe haina kasoro. Imewekewa ukinzani wa gari jingine. Kwa gari jepesi, uzito ndio unaopaswa kuamua karibu kila jambo, na jina la kampuni au unene wa silinda vije baadaye.

Kazi ya springi na kazi ya shokomzoba

Springi hubeba uzito wa gari. Shokomzoba haibebi uzito, ukiacha msukumo wa gesi ambao tutaueleza mbele. Kazi yake ni kupunguza mwendo. Gurudumu linapopanda jiwe, springi hubanwa na kuhifadhi nishati, kisha hutaka kuirudisha yote kwa kulisukuma bodi juu. Ndani ya shokomzoba kuna pistoni inayolazimisha oili ipite kwenye matundu madogo yaliyofunikwa kwa washa, yaani visahani vya chuma, nyembamba zinazopinda, na katika kupita huko nishati hiyo hugeuka joto. Kadiri pistoni inavyokwenda kasi ndivyo ukinzani unavyoongezeka. Pistoni ikisimama, ukinzani unakuwa sifuri. Kwa sababu hiyo, shokomzoba ngumu haiwezi kuinua gari lililolala kwa springi zilizochoka, ingawa watu wengi hununua wakiwa na tumaini hilo.

Ukinzani huo una pande mbili. Upo wa mbano, yaani gurudumu linapopanda kuelekea bodi, na upo wa mtanuko, yaani gurudumu linaposhuka au bodi inapoinuka. Karibu shokomzoba zote za magari ya nje ya lami hukinza zaidi wakati wa mtanuko, kwa sababu huo ndio wakati springi inaporudisha nishati yake. Katika kupanda miamba, upande wa mtanuko una umuhimu wa pekee ambao dereva wa barabarani hauoni. Gari linapopanda kingo ya mwamba, uzito huhamia nyuma, springi za mbele hupumua na kuisukuma pua ya gari juu. Kwenye gari fupi na jepesi, msukumo huo ukija ghafla unaweza kuliangusha gari kinyumenyume. Ukinzani wa mtanuko hauzuii springi kupumua, lakini unaichelewesha kiasi cha kumpa dereva nafasi ya kuachia mafuta na kukanyaga breki.

Hesabu inayopaswa kutangulia ununuzi

Wahandisi hupima ukinzani kwa kuulinganisha na kile kiwango ambacho bodi ikibonyezwa hurudi mahali pake bila kupitiliza hata mara moja. Kiwango hicho hupatikana kwa kuchukua uzito unaobebwa na springi moja, kuuzidisha kwa ugumu wa springi hiyo, kutafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha kulizidisha mara mbili. Magari ya kawaida hutumia sehemu tu ya kiwango hicho, mara nyingi kati ya asilimia 20 na 40, kwa sababu ukinzani kamili humfanya msafiri ahisi kila kokoto.

Tuchukue gari la mfano wa Samurai ambalo kila springi inabeba kilo 175, baada ya kuondoa uzito wa ekseli na magurudumu ambao springi hazibebi. Tuseme springi ni laini kiasi cha bodi kupanda na kushuka mara moja na nusu kwa sekunde, mwendo unaofaa gari la nje ya lami. Springi ya namna hiyo ina ugumu wa nyutoni 15.5 hivi kwa kila milimita. Asilimia 40 ya kiwango kamili inakuwa nyutoni 1,320 kwa kila mita moja ya mwendo kwa sekunde, ambayo kwa mwendo wa mita 0.52 kwa sekunde ni karibu nyutoni 690. Sasa tuchukue gari zito ambalo kila springi inabeba kilo 450, na bodi yake ina mtikisiko uleule wa mara moja na nusu kwa sekunde. Kwa mwendo huohuo wa pistoni litahitaji nyutoni 1,760.

Mwendo wa mita 0.52 kwa sekunde nimeuchagua kwa makusudi, kwa maana ndio ambao kampuni ya Bilstein huutumia kutaja ukinzani wa shokomzoba zake. Anayeona namba 255/70 kwenye shokomzoba ya Bilstein anaambiwa kwamba, pistoni ikienda kwa mwendo huo, mtanuko unakinzwa kwa nyutoni 2,550 na mbano kwa nyutoni 700. Wastani wa pande hizo mbili ni nyutoni 1,625, karibu sawa na hitaji la lile gari zito, na zaidi ya mara mbili ya hitaji la gari jepesi. Namba 360/80 ni nzito zaidi, na 170/60 ni nyepesi, wastani wake ukiwa nyutoni 1,150. Kwa hiyo hata 170/60, ambayo muuzaji anaweza kuiona kuwa laini mno kwa gari la miamba, bado inazidi hitaji la gari letu kama ingefungwa wima kabisa karibu na gurudumu.

Lakini shokomzoba hazifungwi hivyo, na hapa hesabu inabadilika kwa namna inayomnufaisha mwenye gari jepesi. Shokomzoba iliyolazwa nyuzi 30 kutoka wima hutembea pungufu kuliko ekseli, na nguvu inayoitoa nayo haielekei wima yote. Mapungufu hayo mawili yanazidishana, na kinachobaki kwenye ekseli ni robo tatu tu ya ukinzani wa awali. Ikilazwa nyuzi 45 hubaki nusu. Isitoshe, kwenye ekseli ngumu iliyo kipande kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, shokomzoba mbili huwa zimefungwa ndani zaidi kuliko tairi. Gari linapopinda ekseli, gurudumu moja likiwa juu na jingine chini, umbali huo unahesabika. Ikiwa shokomzoba ziko sentimita 80 kutoka moja hadi nyingine, na tairi ziko sentimita 130, ukinzani unaofika kwenye tairi katika mwendo huo wa kupinda ni asilimia 38 tu. Kwa hiyo 170/60 kwenye Samurai ya kawaida ni mahali pazuri pa kuanzia, na yule anayefikiria 255/70 anapaswa kwanza kuuliza gari lake lina kilo ngapi na shokomzoba zake zitalala nyuzi ngapi.

Hesabu hii inachukulia kwamba ukinzani unakua sawasawa na mwendo wa pistoni, jambo ambalo si kweli kwa kila shokomzoba. Zipo ambazo ukinzani wake hupanda haraka mwanzoni kisha hupunguza kasi ya kupanda, na zipo zinazoanza laini na kuwa ngumu mwishoni. Gari linalopanda miamba hutembea polepole mno. Gurudumu likishuka sentimita 30 kwa sekunde 2, pistoni inakwenda mita 0.15 kwa sekunde, mbali na ule mwendo wa kupimia. Shokomzoba ya aina ya kwanza huishika bodi vizuri katika mwendo huo mdogo na kuzuia gari lisiyumbe kwenye mteremko wa pembeni, na ni chaguo zuri kwa upande wa mtanuko. Kwa upande wa mbano, gari jepesi linahitaji ulaini hata mwanzoni, kwani bodi haina uzito wa kutosha kulilazimisha gurudumu liinuke. Tairi ikigota jiwe na shokomzoba ikakataa kubanwa, gari zima ndilo linaloinuka. Kwa gari la kilo 1,000 mimi ningependa mbano laini sana na mtanuko wa wastani, na ningekubali gari liyumbe kidogo barabarani kama gharama ya uamuzi huo.

Gesi iliyomo ndani

Shokomzoba za silinda mbili zina silinda ya kazi iliyozungukwa na nyingine inayohifadhi oili, na juu ya oili hiyo kuna gesi ya shinikizo dogo au hewa ya kawaida. Zile za silinda moja, ambazo msingi wake uliwekwa na Mfaransa Christian Bourcier de Carbon na kuingia kwenye uzalishaji mkubwa kupitia Bilstein na Mercedes-Benz mwaka 1957, zina naitrojeni yenye shinikizo kubwa iliyotenganishwa na oili kwa pistoni ya pili inayoelea. Shinikizo hilo huzuia oili isitoe povu, na silinda moja hupoza joto vizuri zaidi. Kwa gari zito mjadala huishia hapo, na silinda moja hushinda.

Kwa gari jepesi bado kuna jambo la kutazama. Gesi husukuma fimbo ya pistoni nje muda wote, na nguvu ya msukumo huo ni shinikizo likizidishwa kwa eneo la ncha ya fimbo. Fimbo ya milimita 14 yenye shinikizo la bar 25 husukumwa kwa nyutoni 385, sawa na kuinua kilo 39. Shokomzoba nne zinafanya kilo 157, na kwa gari ambalo springi zake zote zinabeba kilo 700, hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya tano. Kwa springi tulizozitaja, gari huinuka sentimita 2.5 hivi bila springi kuguswa, na sehemu hiyo ya mwendo wa kushuka inakuwa imepotea. Kwenye mteremko wa pembeni msukumo huo huendelea kuuinua upande wa juu hata baada ya springi ya upande huo kumaliza nguvu zake, na hilo huongeza hatari ya kupinduka. Wapo wanaoufurahia msukumo wa gesi kwa sababu hulisukuma chini gurudumu lililoning'inia, na hoja yao ina ukweli. Hata hivyo, gurudumu lililoning'inia linasaidia kidogo sana ukililinganisha na lile lililobeba gari, na mimi singenunua faida hiyo kwa bei ya uthabiti wa pembeni.

Shokomzoba ya silinda mbili yenye gesi kidogo au isiyo na gesi kabisa, ambayo mara nyingi ndiyo ya bei nafuu, inalifaa gari jepesi la miamba kuliko inavyodhaniwa. Joto la kupanda miamba kwa mwendo wa mtu anayetembea ni dogo, na povu halipati nafasi ya kujitengeneza. Vilevile jiwe likiigonga silinda ya nje na kuibonyeza, silinda ya kazi iliyo ndani inaweza kubaki salama, wakati kwenye silinda moja mbonyeo mdogo tu unatosha kuikwamisha pistoni. Tatizo la silinda mbili liko njiani kabla ya kufika kwenye miamba. Anayeendesha saa kadhaa kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, kama zile za kaskazini mwa Kenya, anazipa shokomzoba zake kazi ya joto kubwa kuliko miamba yenyewe, na oili ikishaanza povu gari hukosa udhibiti. Mtu wa namna hiyo achague silinda moja, aombe ijazwe gesi ya shinikizo la chini la kiwango kinachoruhusiwa na mtengenezaji, na ahesabu msukumo wake anapochagua springi. Anayelileta gari lake juu ya trela hana haja hiyo.

Urefu: mahali ambapo wengi hupotea

Baada ya ukinzani, kosa la gharama kubwa liko kwenye urefu. Shokomzoba ikiwa fupi mno, gurudumu linaposhuka ekseli huning'inia kwenye fimbo ya pistoni na hatimaye kuing'oa. Ikiwa ndefu mno, gurudumu linapopanda pistoni hugonga mwisho wa silinda kabla ekseli haijafika kwenye mpira wa kizuizi, na shokomzoba hupasuka au vishikio vyake hukatika. Kuongeza springi ndefu kisha kukisia urefu wa shokomzoba kwa kutazama gari lililosimama hakutoshi.

Upimaji sahihi hufanywa kabla ya kununua. Springi huondolewa, au kwa springi za majani kama za Samurai hubakizwa jani kuu peke yake, shokomzoba za zamani hufunguliwa, kisha ekseli huinuliwa kwa jeki mpaka mpira wa kizuizi ubanwe kabisa. Hapo hupimwa umbali kati ya kishikio cha juu na cha chini. Halafu ekseli hushushwa hadi pale ambapo bomba la breki, shafti ya kuendeshea au springi yenyewe inaruhusu, na umbali hupimwa tena. Lazima upimaji urudiwe ekseli ikiwa imepinda, upande mmoja juu na mwingine chini, kwa sababu ekseli iliyopinda mara nyingi hufika mbali kuliko ekseli iliyopanda sawasawa.

Tuseme umbali wa chini kabisa ni sentimita 38 na wa juu kabisa ni 66. Tukiacha akiba ya sentimita 1.5 kila upande, tunahitaji shokomzoba inayofunga hadi 36.5 na kufunguka hadi 67.5, yaani yenye mwendo wa sentimita 31. Kwenye karatasi ni jambo jepesi, lakini hakuna shokomzoba ya namna hiyo. Kila shokomzoba ina sehemu isiyotembea: macho ya kufungia, kichwa chenye sili inayozuia oili isivuje, unene wa pistoni, na kwa silinda moja chumba cha gesi. Sehemu hiyo ikiwa sentimita 14.5, shokomzoba yenye mwendo wa 31 hufunga hadi sentimita 45.5 na si pungufu. Ile inayoweza kufunga hadi 36.5 ina mwendo wa 22 tu, nayo hufunguka hadi 58.5, kwa hiyo sentimita 9 za kushuka kwa gurudumu zinapotea. Njia mojawapo ya kuzirudisha ni kuchomelea kishikio kipya cha juu sentimita 9 zaidi. Kufanya hivyo hutosheleza pande zote mbili kwa hesabu kamili. Njia nyingine ni kupunguza ile sehemu isiyotembea, na hapo ndipo shokomzoba yenye tangi la gesi la pembeni, lililounganishwa kwa bomba, inapopata sababu ya kuwepo kwenye gari jepesi. Matangazo hulisifu tangi hilo kwa kupoza joto, ilhali kwa anayepanda miamba polepole faida yake kubwa ni kuhamisha chumba cha gesi nje ya silinda na kuongeza mwendo ndani ya nafasi ileile.

Njia ya tatu, ambayo naona inadharauliwa bila sababu, ni kukubali mwendo mfupi zaidi na kufunga mkanda wa kikomo unaoizuia ekseli kabla shokomzoba haijafika mwisho. Picha za gari lililopinda ekseli hadi tairi moja iko usawa wa boneti zinavutia, lakini gurudumu linaloshuka hadi springi ikalegea kabisa halina mzigo wowote zaidi ya uzito wake na wa ekseli, kwa hiyo haliwezi kuvuta gari. Nionavyo, gari jepesi linanufaika zaidi na sentimita 20 ambazo springi inasukuma kwa nguvu mwanzo hadi mwisho kuliko sentimita 30 ambazo theluthi ya mwisho ni kuning'inia. Gari likiwa limesimama tambarare, kidogo zaidi ya nusu ya mwendo ibaki kwa kushuka na kinachosalia kiwe kwa kupanda, mradi mpira wa kizuizi uwe ndio unaopokea pigo la mwisho.

Shokomzoba zinazobeba gari

Waliojenga magari ya mabomba, yasiyo na bodi ya kiwandani, mara nyingi huacha springi za kawaida na kutumia shokomzoba zenye koili juu yake au zile zinazotegemea naitrojeni peke yake. Zenye koili huruhusu kupanga springi mbili mfululizo: mbili za nyutoni 20 kwa milimita hufanya kazi kama moja ya nyutoni 10, hadi pete ya kituo itakapozuia ile ya juu na kuiacha ya chini ifanye kazi peke yake. Ni mfumo mzuri, ila ni ghali, na kwa Samurai au Suzuki Jimny ya kawaida unadai vishikio vipya vyenye nguvu kubwa kwa sababu uzito wote wa gari unapitia hapo.

Zile za naitrojeni ni nyepesi na hugharimu pungufu, na kwa kweli zinalifaa gari jepesi kuliko zito. Fimbo ya milimita 32 inahitaji bar 24 hivi ili kubeba kilo 200. Kwa gari zito shinikizo lingepanda hadi viwango vinavyosumbua sili. Fundi hubadilisha urefu wa gari kwa kuongeza au kupunguza gesi, na hubadilisha ugumu wa mwisho wa mbano kwa kuongeza oili, ambayo hupunguza nafasi ya gesi. Udhaifu wake ni joto. Gesi ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 80 za Selsiasi, shinikizo huongezeka kwa asilimia 20, na gari lililokuwa na urefu mzuri asubuhi linakuwa limeinuka mchana. Pia huyumba sana kwenye miteremko ya pembeni, hivyo wengi huongeza chuma cha kuzuia kuyumba kwenye ekseli ya nyuma. Kwa gari linaloenda pia sokoni na kazini, singezipendekeza.

Vishikio, fimbo na mawe

Ekseli inapopinda, shokomzoba hulazimika kujipinda kwenye vishikio vyake. Macho yenye bushi za mpira huvumilia pembe ndogo tu; yenye beringi za duara huvumilia pembe kubwa lakini hupiga kelele na huisha haraka kwenye vumbi na tope. Jambo la kuepuka ni bolti iliyochomelewa kwa mwelekeo unaozuia jicho kuzunguka upande ambao ekseli inapinda, kwani hapo hata bushi nzuri hukatika. Kishikio cha chini kikae juu ya bomba la ekseli na si chini yake, mahali ambapo kila jiwe lingekigonga. Shokomzoba ya silinda moja inaweza kufungwa juu chini, silinda ikiwa juu salama na fimbo ikiwa chini. Ya silinda mbili haiwezi, kwani oili huhama na hewa kuingia kwenye silinda ya kazi. Anayeigeuza akumbuke kwamba fimbo sasa iko karibu na mawe, na mchubuko mmoja juu yake huikata sili kila inapopita.

Kupima baada ya kufunga

Uchaguzi hauishii dukani. Njia rahisi na ya kuaminika ni kufunga mshipi mwembamba wa plastiki kuzunguka fimbo ya pistoni, ukisukumwa hadi kwenye sili kabla ya kuanza safari. Baada ya kupanda miamba, mahali uliposimama mshipi huonyesha mbano wa juu kabisa uliotokea. Ukisimama mbali na mwisho kila safari, gari ni gumu kuliko lazima, ama kwa springi au kwa mbano wa shokomzoba. Ukifika mwisho kila mara, kizuizi cha mpira hakifanyi kazi yake au springi ni laini mno, na kuongeza ukinzani si tiba ya tatizo hilo.

Kwa upande wa mtanuko, gari lishushwe polepole kutoka kwenye kingo ya sentimita 20 au 30, gurudumu moja kwa wakati. Bodi ikirudi na kutulia baada ya kupitiliza mara moja, ukinzani unatosha. Ikitikisika mara tatu au nne, ni pungufu. Gurudumu likibaki limeinuka hewani kwa muda unaoonekana kabla ya kugusa chini, mtanuko ni mgumu mno kwa uzito wa gari, na hilo ndilo hutokea kwa wengi walionunua shokomzoba za magari mazito. Shokomzoba zinazorekebishwa kwa kitasa, kama Rancho RS9000XL yenye hatua 9, humsaidia asiyetaka kufungua silinda. Aanze na hatua laini kabisa, apande hatua moja moja, na asimame pale bodi inapotulia. Za silinda moja zinazofunguka hupewa washa nyembamba zaidi na fundi mwenye vifaa vya kujaza naitrojeni, na zisijazwe hewa ya kompresa, kwa sababu ina unyevu unaoharibu oili na kula chuma.

Kila uzito unaoongezwa baadaye hubadilisha majibu haya. Winchi na bampa la chuma huongeza mzigo wa springi za mbele na kudai ukinzani zaidi huko peke yake. Tairi kubwa za inchi 33 zikifungwa pamoja na ekseli nzito huongeza uzito ambao springi hazibebi, na hapo shokomzoba inalazimika kuituliza ekseli nzito iliyo chini ya bodi nyepesi, hali inayodai mtanuko zaidi kidogo kuliko hesabu ya bodi peke yake ilivyoonyesha. Kwa hiyo mizani itangulie: gari lipimwe likiwa na kila kitu linachobeba safarini, mbele na nyuma kila upande peke yake, kisha ndipo namba za ukinzani ziagizwe kwa ekseli moja moja.